Jaribio la mianya miwili kwa kalamu ya leza: kwa nini jibu langu linazidi kiasi hiki?

Swali: Mwalimu wa fizikia, Dodoma

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninafundisha fizikia kidato cha tano na cha sita katika shule ambayo maabara yake ina prizimu, lenzi na vioo vya kutosha, lakini haina kifaa chochote cha kuonyesha mwingiliano wa mawimbi ya mwanga. Mada hiyo huwatatiza sana wanafunzi inapofundishwa kwa michoro ya ubaoni peke yake, kwa hiyo nimeamua kulitengeneza mwenyewe jaribio la mianya miwili la Thomas Young, nikitumia vitu vinavyopatikana katika duka lolote la mtaani.

Nimechukua nyembe mbili mpya, zile za makali pande mbili, nikaweka karatasi moja ya kuchapia katikati yake, nikazifunga kwa selotepu, kisha nikazipitisha kwa pamoja mara moja tu juu ya foili ya aluminiamu iliyobandikwa kwenye kipande cha kioo. Kalamu ya leza nyekundu imelazwa juu ya matofali mawili, kitufe chake kimebanwa kwa kibanio cha nguo, na mwanga ukishapita kwenye mianya huangukia karatasi nyeupe iliyobandikwa ukutani, mita 4 kutoka kwenye foili.

Mistari inaonekana, na inaonekana vizuri. Katikati ipo mistari angavu 7. Kila upande wa kundi hilo kuna pengo la giza, na baada ya pengo inafuata mistari mingine iliyofifia. Nimeitia alama kwa penseli, nikawasha taa na kupima kwa rula: kutoka katikati ya mstari wa kwanza hadi katikati ya mstari wa saba ni milimita 78, yaani milimita 13 kutoka mstari mmoja hadi mwingine. Kwa kuwa wembe una unene wa takribani milimita 0.1, na karatasi vivyo hivyo, nilijumlisha nyembe mbili na karatasi nikapata milimita 0.3 kuwa umbali kati ya mianya. Nikizidisha 0.3 kwa 13, kisha nikagawanya kwa milimita 4000, urefu wa wimbi unakuwa nanomita 975, ilhali lebo ya kalamu imeandikwa nanomita 650.

Nimehakiki umbali wa ukuta na nafasi kati ya mistari, na vipimo hivyo havibadiliki. Naomba kujua tofauti hii kubwa inatoka wapi, pengo la giza lile linatokana na nini, na kama kuna jambo la kuzingatia kabla ya kuliingiza jaribio hili katika darasa la wanafunzi zaidi ya hamsini.

Jibu: Fundi sanifu wa maabara, Morogoro

Mwalimu, kwanza hongera, kwa sababu kupata mistari 7 iliyo wazi kwa foili na nyembe si jambo dogo. Nanomita 975 ni mwanga wa infraredi, ambao jicho halioni kabisa, na kwa hiyo jibu lenyewe limekwisha kukuonya kwamba kuna kipimo kimoja kilichozidi. Kipimo hicho si cha ukutani wala cha rula. Ni umbali kati ya mianya.

Chukua wembe mmoja uutazame kwa ubavu, ikiwezekana kwa lenzi ya kukuza. Wembe wa aina hiyo umenolewa kutoka pande zote mbili, kwa hiyo makali yake yapo katikati ya unene wake. Unapolaza nyembe mbili zikiwa na karatasi kati yake, umbali kutoka makali hadi makali ni nusu ya unene wa wembe wa kwanza, ukijumlisha karatasi, ukijumlisha nusu ya unene wa wembe wa pili. Kwa takwimu zako hiyo ni milimita 0.2. Ulichojumlisha wewe ni unene wa furushi zima, kutoka nje hadi nje. Weka 0.2 mahali pa 0.3, na nanomita 975 zinashuka hadi 650.

Hata hivyo, nisingependa ulifunge daftari hapo. Hiyo 0.1 ya wembe na 0.1 ya karatasi ni makadirio, na jibu linapolingana na lebo kwa kutumia makadirio, hatujui kama tumepima au tumebahatisha. Angalia uzito wa kila kosa. Rula yako inaweza kukosea nusu milimita katika 78, ambayo haifiki asilimia 1. Futi ya fundi ikikosea sentimita nzima katika mita 4, hiyo ni robo ya asilimia. Lakini umbali wa mianya ukikosea milimita 0.02 tu, ambao ni unene usioweza kuuona, umepoteza asilimia 10. Watu wengi hutumia nguvu zao zote kuziba madirisha na kutafuta leza bora, na kumbe jibu lote linaamuliwa na pale nyembe zilipogusa foili.

Kwa unene wa karatasi, usipime karatasi moja. Pima rimu nzima ya karatasi 500, uigandamize vizuri kwa mkono, ugawanye. Kwa karatasi ya kawaida ya gramu 80 utapata takribani sentimita 5, yaani milimita 0.1 kwa karatasi. Nyembe nazo zipange kumi, uzibane kwa kalipa ya vernia, ugawanye kwa kumi.

Jambo jingine ni foili. Foili huchanika na kuacha kingo zenye meno, na mara nyingi mwanya mmoja hutoka mpana kuliko mwenzake. Mimi huchukua kioo cha slaidi cha hadubini nikakipitisha juu ya mwali wa koroboi hadi kifunikwe na masizi sawasawa. Kipitishe huku ukikisogeza, kwa maana kikikaa mahali pamoja kitapasuka kwa joto. Kikipoa, buruta nyembe mara moja tu, kwa uzito wa mkono usiozidi ule wa kuandika kwa penseli, ukifuata ukingo wa rula. Masizi hutoka safi, na mwanya hubaki na kingo zilizonyooka. Ubaya wake ni kwamba yanafutika kwa kidole, kwa hiyo funika kwa slaidi ya pili na uzungushie selotepu kando. Slaidi iliyofungwa hivyo hudumu miaka kabatini.

Jibu: Mwanafunzi wa uhandisi wa umeme, Nairobi

Hujambo, Mwalimu. Ninakubaliana na fundi kuhusu makali ya nyembe, na ninapenda kuongeza njia ya kulikwepa tatizo la umbali wa mianya kabisa: pima kwanza urefu wa wimbi wa leza yako kwa kitu kingine, kisha uiache leza ikupimie mianya.

Kitu hicho ni diski ya CD. Uso wake una njia moja ndefu iliyojizungusha kutoka ndani kwenda nje, na mzunguko mmoja uko maikromita 1.6 kutoka mzunguko unaofuata, kwa mujibu wa viwango vinavyofuatwa na watengenezaji. Kwa leza, huo ni msururu wa mistari 625 katika kila milimita. Chukua boksi kubwa la kadibodi, toboa tundu dogo katikati ya ubavu wake, pitisha leza kwenye tundu hilo na uielekeze kwenye diski iliyosimamishwa wima sentimita 50 mbele. Mwanga uangukie upande wa kulia au wa kushoto wa diski, si juu wala chini, ili njia za mahali hapo ziwe zimesimama wima na madoa yatawanyike kwa usawa wa meza. Igeuze diski taratibu mpaka doa linaloakisiwa moja kwa moja lirudi kwenye tundu lilikotoka. Hapo utaona doa moja kila upande kwenye kadibodi. Kwa leza ya nanomita 650 litakuwa sentimita 22 na kitu kutoka kwenye tundu. Pima ya kulia na ya kushoto, uchukue wastani, kwa sababu diski ikiinama kidogo tu moja huongezeka na nyingine hupungua.

Hapa lakini usitumie mkato wa hesabu uliotumia kwenye mianya. Kule pembe ni ndogo kiasi kwamba saini na tanjenti zinalingana. Kwenye CD pembe ni nyuzi 24, tanjenti yake ni 0.444 na saini ni 0.406, ukitumia tanjenti utapata nanomita 711 na utaanza tena kutafuta kosa. Tafuta pembe kwanza, kisha zidisha saini yake kwa maikromita 1.6.

Kuhusu pengo la giza, hilo si kasoro. Kila mwanya peke yake, hata mwenzake akizibwa, hutawanya mwanga katika mpangilio wake wa difraksheni, wenye eneo pana angavu katikati na giza kila upande. Mistari yako myembamba imechorwa ndani ya eneo hilo pana, na mahali ambapo mwanya mmoja hautumi mwanga, miwili haiwezi kuutuma pia. Kwako mistari inayoonekana ni mmoja wa katikati na mitatu kila upande, na wa nne umemezwa na giza. Maana yake ni kwamba umbali kati ya mianya ni mara nne ya upana wa mwanya mmoja. Ikiwa umbali ni milimita 0.2, basi wembe wako umekata mwanya wa milimita 0.05. Ningewapa wanafunzi swali hilo kabla ya kuwapa kanuni yoyote, kwa sababu ni nadra kuona mchoro wa ukutani ukimwambia mtu upana wa kitu ambacho rula yake haiwezi kukigusa.

Jibu: Mwalimu mstaafu, Tanga

Ndugu zangu, nimesoma kwa furaha. Nina marekebisho mamoja kwa binti au kijana wa Nairobi, na mengine kwa Mwalimu mwenzangu.

Si kila CD ina maikromita 1.6. Diski tupu za kurekodia zenye dakika 80, zinazoandikwa megabaiti 700, zilipata nafasi hiyo ya ziada kwa kusogeza njia karibu zaidi, na nyingi zina takribani maikromita 1.5. Ukiitumia hiyo huku ukiandika 1.6 kwenye hesabu, jibu litazidi kwa takribani asilimia 6 au 7. Tafuta diski ya muziki ya kiwandani isiyozidi dakika 74, au diski tupu ya megabaiti 650. DVD haifai kwa meza ndogo: njia zake ziko maikromita 0.74, na doa la kwanza la leza nyekundu linakwenda zaidi ya nyuzi 61, nje ya boksi lako.

Na boksi hilo liwe pana kweli. CD hairudishi madoa mawili tu. Lipo doa la pili kila upande, kwenye pembe ya nyuzi 54, ambalo kwa umbali wa sentimita 50 huangukia karibu sentimita 70 kutoka kwenye tundu. Kadibodi ikiwa fupi, doa hilo litapita pembeni na kwenda kwenye uso wa mwanafunzi aliyeketi kando, na hakuna atakayekuwa akilitazamia. Kwa darasa la watu hamsini ningefanya kipimo cha CD mezani na wanafunzi wanne au watano kwa zamu, wote wakiwa nyuma ya kadibodi, na jaribio la ukutani ndilo nililifanye mbele ya wote.

Kalamu za leza za bei nafuu nyingi zimeandikwa chini ya miliwati 5, na baadhi hutoa zaidi ya zilivyoandikwa. Miliwati 1 ya mwanga mwekundu jicho hujikinga kwa kupepesa. Zaidi ya hapo usilitegemee. Leza ikae kwenye usawa wa kiuno, wanafunzi wasimame, na isielekezwe kamwe upande wa mlango. Anayeshika chochote karibu na mwale avue saa na pete. Leza ya kijani ina jambo lake la ziada: aina inayotoa nanomita 532 huanza na mwanga wa infraredi wa nanomita 1064 ambao fuwele ndani yake huugeuza kuwa kijani, na kalamu isiyo na kichujio huuvujisha huo wa infraredi pamoja na kijani. Jicho haliuoni, kwa hiyo halipepesi.

Sasa niseme la Young mwenyewe, kwa kuwa Mwalimu amemtaja. Katika mhadhara wake mbele ya Royal Society ya London mwezi Novemba 1803, hakutumia mianya miwili. Alitoboa tundu kwa sindano kwenye karatasi nene iliyoziba dirisha, akauacha mwale wa jua uingie, kisha akaweka katika mwale huo ukanda wa kadi wenye upana wa takribani 1/30 ya inchi, ambayo ni pungufu kidogo ya milimita 0.9. Ndani ya kivuli cha kadi palikuwa na mistari. Alipoukinga mwanga wa upande mmoja tu wa kadi, mistari yote ya ndani ya kivuli ilitoweka, ingawa mwanga wa upande wa pili uliachwa upite kama ulivyokuwa. Mianya miwili aliieleza katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1807, ambamo aliweka urefu wa wimbi wa wekundu wa mwisho kuwa takribani 1/36,000 ya inchi, na wa urujuani wa mwisho 1/60,000. Zibadilishe namba hizo kuwa nanomita: 706 na 423. Bila leza, bila umeme.

Tendo lile la kukinga upande mmoja ndilo ningelifanya kiini cha kipindi, kuliko hata hesabu. Simamisha wembe wa tatu ukigusa kioo cha slaidi, usogeze kwa subira mpaka uzibe mwanya mmoja, huku mwanafunzi mmoja akitazama ukutani akiwa ameweka ncha ya penseli kwenye mstari mmoja wa giza, ulio karibu na katikati. Mwanya ukizibwa, mistari myembamba inapotea, na pale penye ncha ya penseli panakuwa na mwanga. Yaani umeondoa nusu ya mwanga, na mahali palipokuwa giza pameangazwa. Mwanafunzi anayeamini kwamba mwanga ni punje zinazojumlishwa hana namna ya kulieleza jambo hilo. Mkono ukitetemeka sana, kata mwanya mmoja kwa wembe mmoja kwenye slaidi hiyo hiyo, sentimita 1 kutoka kwenye ile miwili, kisha sogeza slaidi badala ya wembe. Matokeo ni yale yale, ingawa hayana nguvu kama ya kuona mwanya ukizibwa.

Mwalimu wa fizikia, Dodoma

Ninawashukuru nyote. Nimelitazama kali la wembe kwa lenzi, na kweli lipo katikati. Nimepima kama nilivyoelekezwa.

Kwa diski ya muziki ya kiwandani, doa la kulia lilikuwa sentimita 22.6 na la kushoto 22.2, kwa hiyo wastani ni 22.4 kwa umbali wa sentimita 50. Pembe ni nyuzi 24.1 na urefu wa wimbi ni nanomita 654. Nikilirudisha jibu hilo kwenye mistari yangu ya milimita 13, umbali kati ya mianya unakuwa milimita 0.201. Rimu ya karatasi na nyembe kumi kwa pamoja zimenipa 0.20. Njia mbili zisizotegemeana zimekutana, na sasa ninaweza kuwaeleza wanafunzi kwamba namba hii tumeipima.

Swali moja limebaki. Nikipata leza ya kijani, je, inafaa kuitumia baada ya nyekundu ili waone mistari ikisogeleana, au hatari yake inazidi faida?

Fundi sanifu wa maabara, Morogoro

Inafaa, mradi uitumie kwenye mianya tu na si kwenye CD, na ukutani pawe na karatasi isiyong'aa badala ya rangi ya mafuta. Kwa slaidi hiyo hiyo na mita 4 hizo hizo, nafasi kati ya mistari itashuka kutoka milimita 13 hadi karibu 10.6, ikiwa kalamu ni ya nanomita 532. Zipo kalamu mpya za kijani zinazotoa takribani 520 moja kwa moja bila fuwele, na hizo zitakupa 10.4, tofauti ambayo rula itaiona ukipima nafasi sita kwa pamoja. Usiwaambie wanafunzi lebo inasemaje. Waache waitafute wenyewe kutoka kwenye milimita 0.20 uliyokwisha kuipata. Na pengo la giza pia litasogea ndani, lakini mistari itabaki 7, kwa sababu idadi hiyo inategemea slaidi, haitegemei rangi.